Daiodi Ipi Ifaayo? Somo la Mezani kwa Fundi

Usishangae kumwona mwanafunzi wa fasihi akiandika kuhusu daiodi. Fundi mmoja wa redio mjini Wote, Makueni, aliniomba nimfasirie kwa Kiswahili mwanagenzi wake, anayejiandaa kufungua kibanda kwao Kitui, maelezo ya kuchagua kifaa hicho. Nilibabaika. Kila daiodi isiyofaa, kijana huyo atailipia kutoka mfukoni mwake.

Daiodi ni kama vali ya baiskeli: hupitisha upande mmoja na kuzuia wa pili. Umeme wa gridi nchini Kenya, wa volti 240, huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, ilhali redio huhitaji mkondo wa upande mmoja.

Kosa la kwanza ni kuiamini namba iliyo kwenye transfoma. Volti 12 zilizoandikwa pale hufika kileleni takriban 17. Daiodi ikiwa moja tu, na kapasita imekwisha kujaa, wimbi linapogeuka husukumwa kinyume kwa volti 34 hivi. Hicho ndicho kipimo cha kuchagulia. Jamii ya 1N4001 hadi 1N4007 zote hubeba ampea 1. Hutofautiana kwa kustahimili volti ya kinyume, ya kwanza 50, ya mwisho 1,000. Fundi wetu hutia 1N4007 katika kila redio, wala hakosei. Kikuza sauti kinachovuta zaidi kitahitaji 1N5408 ya ampea 3.

Chaja ya simu ndiyo yenye mtego. Upande unaopokea umeme wa gridi, 1N4007 yafaa. Lakini ndani, chaja huukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na daiodi ya upande wa kutolea sharti ifunge upesi. 1N4007 ni lango zito: kabla halijafunga, wimbi limekwisha kurudi. Huchemka, kisha huungua. Hapo hutiwa daiodi ya Schottky, kwa mfano 1N5822, iliyo nyepesi kufunga na inayopoteza takriban nusu volti badala ya karibu volti nzima. Hata hivyo, hiyo hustahimili volti 40 tu za kinyume. Ukiihamishia upande wa gridi, haidumu hata sekunde.

Mwanagenzi alilishika "lango zito" mara moja. "Volti ya kinyume" nililitunga palepale mezani, na lilimtatiza kidogo. Wenzangu wa istilahi mkiwa na lililo bora, fundi analisubiri.