Je, Wajua? Bangi mwitu huua minyoo fundo

Ukiing'oa nyanya iliyodumaa ukakuta mizizi imejaa vinundu, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, wadogo wasioonekana kwa macho. Mwaka 1958 watafiti wa Uholanzi, Uhlenbroek na Bijloo, walibainisha kuwa mizizi ya mimea ya jamii ya Tagetes ina kemikali ya kuwaua, alfa-tertienili. Bangi mwitu, gugu lile lenye harufu kali, ni ya jamii hiyo. Wengi hukimbilia kuponda majani na kumwaga maji yake shambani, lakini nguvu hasa imo kwenye mzizi ulio hai, ambamo mnyoo akipenya hudhurika. Kwa hiyo naona heri mmea huo upandwe peke yake, kwa kubanana, miezi 2 hadi 3 kabla ya nyanya, na ukatwe kabla haujatoa mbegu usije ukatapakaa. Nani ana msimu wa kupoteza? Swali la haki, hasa kwa mwenye nusu ekari. Ila shamba lililokwisha kuvamiwa linampotezea msimu huo huo, pamoja na mbolea na maji. Pingamizi zito zaidi ni kwamba si kila aina ya Tagetes hudhibiti kila aina ya mnyoo. Basi mkulima aanze na tuta moja, kisha, baada ya kupanda nyanya hapo, ang'oe miche michache na kukagua mizizi yake.