Tunapima Mzigo, Nani Atapima Uchovu wa Dereva?

KAZI mbaya si mchezo mwema, walinena wahenga. Methali hii tunawafunza watoto wetu tangu wakiwa katika shule za msingi, na mwanafunzi anayeitumia vyema katika insha yake hutuzwa alama nzuri. Lakini siku mwalimu aliyewafunza watoto hao methali hiyo anapoiweka chaki chini na kushika usukani wa lori, sisi tulio hodari wa kuisema huwa wa kwanza kumcheka. Nalisema hili bila kumsingizia mtu, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Nina sahibu yangu ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa angali anautegemea usukani kwa riziki yake. Tulisomea ualimu pamoja chuoni. Mimi niliendelea na masomo hadi nikapata shahada ya uzamifu katika isimu, naye akaenda kufundisha Kiswahili na Historia katika shule moja ya upili magharibi mwa nchi. Alifundisha kwa miaka 11 chini ya mkataba wa halmashauri ya shule, akilipwa kutokana na karo, na kila mwaka akitumaini kwamba jina lake litaingia katika orodha ya walimu wanaoajiriwa na serikali. Halikuingia. Mnamo Machi 2020, shule zote nchini zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, karo ilikatika, na mshahara wake nao ukakatika.

Alinijia akitaka nimkopeshe pesa za kujifunzia udereva wa magari makubwa. Nilimpa nasaha badala ya pesa. Nakumbuka nilimwuliza, tena kwa dhihaka, "Na shahada yako utaitundika wapi, kwenye kioo cha lori?" Alinitazama kwa muda, kisha akanijibu kwa upole, "Ndugu yangu, shahada hailiwi." Aliondoka, akauza mtamba wake, na hatukuzungumza tena kwa muda wa mwaka mzima.

Msomaji asidhani kwamba mtu huamka asubuhi moja akawa dereva wa masafa marefu. Sahibu yangu alianza akiwa utingo, au taniboi kama wengi wanavyosema. Mtu wa miaka 40 na ushei, mwenye digrii, alitumwa na dereva wa miaka 29 kuweka kabari nyuma ya gurudumu, kufunga turubai, kugonga tairi kwa spana ili asikie kama zina upepo wa kutosha, na kulala juu ya shehena usiku ili wezi wasiifungue. Anasema jambo gumu zaidi halikuwa ile kazi ya sulubu. Gumu lilikuwa kukubali kufundishwa na kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake. Kijana yule alimwita "mwalimu", naye alimwita kijana "mkuu". Baada ya miaka miwili na ushei ya kujifunza, na baada ya kupata leseni ya daraja la CE, inayomruhusu mtu kuendesha lori zito lenye trela, alikabidhiwa gari na mfanyabiashara mmoja mwenye malori machache.

Bahati ilikuwa upande wake. Mwaka 2019 serikali ilikuwa imeamuru mizigo isafirishwe kutoka bandarini kwa reli mpya, na miji iliyokuwa ikiishi kwa malori, kama vile Mariakani na Mtito Andei, ikapoa. Amri hiyo ilipoondolewa mnamo Septemba 2022, malori yalirudi barabarani na madereva wakatafutwa tena.

Likizo ya Agosti iliyopita, kwa idhini ya tajiri wake, niliandamana naye kutoka Mombasa hadi Bungoma, gari likiwa limebeba mbolea. Nilikwenda kwa sababu nafsi ilikuwa ikinisuta. Nilitaka kuyaona kwa macho yangu maisha niliyoyadharau.

Tulitoka Mombasa alfajiri na kukwama katika foleni ya mizani pale Mariakani. Mzigo wa lori hupimwa kwa makini makubwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, na hata ekseli mojamoja ina kipimo chake. Katika safari yetu kulikuwa na vituo vya mizani Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Yeyote anayezidisha uzito hutozwa faini. Sababu ni njema: lami hugharimu pesa nyingi, na lori lililozidishiwa mzigo huiharibu upesi.

Njiani nilijifunza mengi ambayo sikuyapata vitabuni. Tulipoanza kuuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Maai Mahiu, sahibu yangu alipunguza mwendo mno, hata matatu zikawa zinatupigia honi kwa hasira. "Kanuni ni moja," aliniambia. "Mteremko huuteremki ila kwa gia ambayo ungeupandia." Alinieleza kwamba dereva anayezikanyaga breki mfululizo katika mteremko mrefu huzipasha moto hadi zikapoteza nguvu, na akifika chini hana breki wala gia. Dereva mwenye busara huiachia injini kazi ya kulizuia gari, na breki huzigusa kwa vipindi. Wapo wanaoliachilia lori liteleze bila gia ili kuokoa dizeli. Baadhi yao hawapo tena duniani, na wamekwenda na wenzao wasio na hatia.

Baada ya Nakuru tulipita Salgaa, tukaupanda mlima wa Sachangwan. Hapo sahibu yangu alinyamaza. Mkenya gani hakumbuki Januari 31, 2009, lori la petroli lilipopinduka mahali hapo, watu wakakimbilia kuteka mafuta, na moto ukalipuka na kuwaua zaidi ya watu 100? Na si mbali na hapo, katika makutano ya Londiani, jioni ya Juni 30, 2023, lori lililokosa mwelekeo liliwaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Kila inapotokea ajali ya namna hiyo, sisi huuliza swali moja: dereva alikuwa nani? Ni nadra kuuliza alikuwa ameendesha kwa saa ngapi.

Nami nililipata jibu la swali hilo usiku ule ule. Tulikuwa tumelala Emali na kuondoka saa kumi alfajiri. Ilipofika saa tatu usiku, tulikuwa tukipanda kuelekea Timboroa, mahali penye baridi kali na ukungu. Simu ya tajiri ilikuwa imelia mara tatu. "Mwalimu, umefika wapi?" "Mbona wenzako wameshapita Eldoret?" Kulikuwa na shehena ya mahindi iliyomngoja Kitale, na asiyewahi hukosa. Sahibu yangu hana mshahara wa mwezi unaoeleweka. Hulipwa kwa safari. Safari zikiwa nyingi watoto hula na karo hulipwa, na zikiwa chache hurudi kule kule alikokukimbia.

Tulipita bango kando ya barabara. Aliniuliza, "Bango lile limesema nini?" Nilimwambia limesema Timboroa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nimeliona, lakini sikulisoma." Msomaji mpendwa, mtu huyu amesoma na kusomesha kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Macho yake yalikuwa wazi na mikono yake ilikuwa kwenye usukani, lakini akili ilikuwa imekwisha kulala. Hakusema neno jingine. Alitafuta mahali pa kuegesha, utingo akashuka kuweka kabari, akazima simu, akalala.

Tulifika Bungoma kesho yake baada ya adhuhuri. Mahindi ya Kitale alikuwa amepewa dereva mwingine. Usingizi wa usiku mmoja ulimgharimu malipo ya safari nzima. Kwa kuwa hakuwa na mzigo, alipata fursa adimu ya kwenda kulala kwake, nje kidogo ya mji wa Webuye. Nilikuwa naye mlangoni binti yake alipotoka mbio kutulaki. Alimwamkia babaye, kisha akamwuliza kwa hofu, "Baba, umefutwa?" Mtoto huyo amezoea kumwona babaye akipita barabarani na kumpungia mkono, na hakuona sababu nyingine ya yeye kuwa nyumbani siku ya kazi.

Hapa ndipo ninapotaka tutafakari. Sheria ya Trafiki ya nchi yetu, katika kifungu cha 66A, inakataza mtu kuendesha gari la biashara au la abiria kwa zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Sheria ipo, na imeandikwa kwa lugha isiyohitaji mwanaisimu kuifafanua. Lakini katika mizani zote nne tulizozipita, hakuna aliyemwuliza sahibu yangu amelala lini. Lami ina watu wa kuihurumia. Dereva hana.

Wapo watakaosema kwamba dereva ni mtu mzima na akichoka apumzike. Hilo ni kweli, na sahibu yangu alipumzika. Lakini tuliona alivyoadhibiwa kwa kuitii sheria. Anayemlipa dereva kwa safari anamlipa asilale, hata kama hakukusudia hivyo. Tusishangae basi kusikia madereva wakitafuna miraa ili wakeshe, wala tusijifanye hatujui kwa nini baadhi yao huiuza dizeli ya tajiri kandokando ya barabara. Siyatetei makosa hayo. Nasema tu kwamba tumeupanda mti, na sasa twalalamikia matunda yake.

La kufanya si kubwa. Kwanza, wenye malori wawape madereva mshahara wa mwezi, na posho ya safari iwe nyongeza tu wala si uti wa mgongo wa mapato. Pili, kwa safari ndefu kama za Kampala na Kigali, gari liwe na madereva wawili wanaopokezana. Tatu, malori mengi siku hizi yamefungwa vifaa vya kuyafuatilia. Vifaa hivyo hutumiwa kumlinda mwenye mali. Vikitumiwa pia kuhesabu saa za dereva, kifungu cha 66A kitakuwa na meno. Na mwisho, serikali za kaunti zinazotoza ushuru wa maegesho zijenge mahali salama pa kulala, penye maji na choo, ili dereva asiogope kufumba jicho.

Kwa upande wetu sisi tulioketi maofisini na katika kumbi za mihadhara, tuache kuipima elimu ya mtu kwa nguo aliyovaa kazini. Nilimwuliza sahibu yangu kama anauona usomi wake umepotea bure. Alicheka. Alisema kwamba zamani alikisemesha Kiswahili kwa wanafunzi waliokitaka kwa ajili ya mtihani tu, lakini sasa akifika Malaba huzungumza na madereva wa Uganda, Rwanda na Kongo, kila mmoja na lafudhi yake, nao humjia awasomee hati na kuwaandikia barua za malalamiko. Wenzake wangali wanamwita mwalimu.

Mimi nimekwisha kumwomba radhi kwa yale maneno ya shahada na kioo. Alinisamehe, ila alisema radhi yangu ingefaa zaidi kama ningeiandika mahali ambapo matajiri wa malori husoma. Nami nimeiandika.