Kifungua Mimba katika Mila ya Wayuda

Wakatekista wetu wanaulizwa mara nyingi swali hili: kama Injili ya Luka inamwita Yezu mzaliwa wa kwanza wa Maria, si kusema kwamba Maria alizaa wengine nyuma yake? Swali si la upumbavu. Tunaposikia «wa kwanza», mara tunawahesabu wadogo wake. Lakini Luka anaandika habari ya watu walioshika sheria ya Musa, na katika sheria ile neno hili lina kazi yake.

Usiku wa kutoka Misri, wazaliwa wa kwanza wa Wamisri walikufa, wale wa Israeli wakapona. Kwa sababu hiyo Mungu alisema kwamba kila mwanaume anayefungua tumbo la mama yake ni mali yake (Kutoka 13). Mwana-ng'ombe alitolewa sadaka. Mtoto wa mtu alikombolewa. Kisha Mungu akawatwaa Walawi mahali pa wazaliwa hao. Kitabu cha Hesabu kinatoa hesabu kama karani: Walawi 22,000, wazaliwa wa kwanza 22,273. Wale 273 waliozidi walilipiwa shekeli 5 kila mmoja, jumla shekeli 1,365. Bei ikabaki ile ile: shekeli 5 za feza, kwa tajiri na kwa maskini, mtoto akiisha kutimiza mwezi mmoja.

Mishna, mkusanyo wa sheria za Wayuda uliopangwa karibu mwaka 200, inatenga mambo mawili. Kwa urithi, mzaliwa wa kwanza ni yule wa baba. Kwa kuhani, ni yule wa mama. Hivi mtu mwenye wake wawili ambao hawajazaa bado, kila mmoja akimzalia mwanaume, atamlipa kuhani mara mbili, ingawa mrithi mkubwa ni mmoja tu. Akioa mjane aliyekwisha kuzaa, halipi kitu, hata kama mtoto huyo ni wa kwanza kwake yeye. Binti akitangulia, ndugu yake anayemfuata hakombolewi. Kiswahili chetu kinasema vema: kifungua mimba. Na kifungua mimba aweza kuwa kitinda mimba pia.

Basi deni linatimia siku ya 31, wakati hakuna ajuaye kama mama atazaa tena. Ndivyo Mtakatifu Yeronimo alivyomjibu Helvidius karibu mwaka 383. Kuna ushuhuda mwingine, nao ni wa Wayuda wenyewe. Huko Tell el-Yehoudieh katika Misri lilionekana kaburi la mama Myuda, jina lake Arsinoe, wa karibu na wakati wa kuzaliwa kwa Yezu. Maandiko ya kaburi yanasema alikufa akimzaa mzaliwa wake wa kwanza, na neno la Kigiriki ni lile lile la Luka. Mama yule hakumzaa mwingine!

Tujihazari lakini. Jambo hili halitoshi kuthibitisha ubikira wa daima wa Maria. Imani hiyo tunaipokea kwa Kanisa. Linaondoa kizuizi tu.

Kosa jingine linasikika tarehe 2 Februari: kwamba wale ndege wawili walimkomboa Mtoto. Hapana. Ndege walikuwa sadaka ya mama baada ya siku 40, mahali pa mwana-kondoo, kwa watu maskini (Walawi 12). Wala utakaso ule haukuwa kwa sababu ya dhambi. Shekeli 5 Luka hazitaji, na sheria haikudai mtoto apelekwe Yeruzalemu. Maria na Yozefu walifanya zaidi ya sheria.

Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, sadaka ya ndege ilikoma. Ukombozi haukukoma, maana hauhitaji altare. Hata leo baba Myuda anamweka mtoto mbele ya mtu wa ukoo wa Haruni, naye anamwuliza anapenda lipi, mwana au feza. Baba anatoa vipande 5 vya feza. Mwaka 1970 Benki ya Israeli ilianza kutengeneza sarafu za kazi hiyo. Watoto wa makuhani na wa Walawi hawakombolewi. Siku ya 31 ikiangukia Sabato, wanangoja, kwa kuwa siku hiyo hawashiki feza. Tohara ya siku ya nane, hiyo haingoji Sabato ipite, kama Yezu mwenyewe alivyowakumbusha (Yoane 7).