Lori na Gari Dogo

Lori kubwa linagongana uso kwa uso na gari dogo. Lipi linalisukuma lenzake kwa nguvu zaidi? Muulize mwanafunzi aliyefaulu fizikia, anayeitaja sheria ya tatu ya Newton pasipo kusita, na mara nyingi atakujibu: lori. Sheria hiyo hiyo inasema nguvu hizo ni sawa. Gari dogo huumia zaidi kwa kuwa tungamo lake ni dogo, hivyo mwendo wake hubadilika ghafla zaidi.

Maswali ya namna hii ndiyo yaliyomtikisa Malcolm Wells, mwalimu wa fizikia wa sekondari huko Arizona, Marekani. Katika chuo kikuu cha jimbo hilo, David Hestenes na mwanafunzi wake Ibrahim Halloun walikuwa wametunga mtihani kuhusu mwendo na nguvu, wakauchapisha mwaka 1985. Haukuhitaji kukokotoa chochote. Ubora wake ulikuwa katika majibu yasiyo sahihi: yalitokana na yale ambayo wanafunzi wenyewe walikuwa wameyaeleza. Kwa hiyo anayekosea anakuonyesha pia anachokiamini.

Wells hakuwa mwalimu wa kuandika ubaoni na kuondoka. Darasa lake lilijaa majaribio na majadiliano. Hata hivyo, wanafunzi wake walipoufanya mtihani ule, matokeo yalimshtua. Akaenda kwa Hestenes, akaanza utafiti wa shahada ya uzamivu, akaumaliza mwaka 1987.

Hapa ndipo kazi inapobadilika. Mwalimu huuliza, “Niwasaidieje hawa?” Mtafiti anaongeza swali gumu zaidi: “Nitajuaje kwamba nimewasaidia?” Nyuso zenye furaha hazitoshi, wala alama za mwisho peke yake, maana huenda mwanafunzi alikuja akijua. Inabidi apimwe kabla na baada ya kufundishwa, na pawepo darasa jingine la kulinganisha. Wells alilinganisha darasa alilolifundisha kwa njia yake ya zamani, jingine kwa njia mpya aliyoibuni, na la mwalimu mwingine aliyefundisha kwa mihadhara. Kuweka kazi yako ya miaka mingi kwenye mizani namna hiyo kunahitaji moyo, nami naamini ndicho kizingiti kikubwa kuliko hesabu zote za takwimu.

Alichokuja nacho kutoka darasani ni kitu ambacho chuo kikuu hakikuwa nacho. Kila kikundi alikipa ubao mweupe mdogo wa kubeba mkononi. Wanafunzi walichora grafu ya mwendo walioupima, wakasimama mbele ya wenzao kuitetea, huku mwalimu akijizuia kutoa jibu. Anauliza tu: mstari huu umepinda kwa nini? Mmejuaje? Mawazo yaliyofichika nyuma ya kanuni zilizokaririwa yanatoka hadharani, na hapo yanaweza kurekebishwa.

Mwaka 1992 mtihani ule ulitoka upya ukiwa umeboreshwa. Kati ya waandishi wake watatu, wawili, Wells na Gregg Swackhamer, walikuwa walimu wa sekondari. Miaka sita baadaye Richard Hake alichapisha matokeo ya vipimo vya aina hiyo kutoka kozi 62, zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Wa mihadhara walipata wastani wa asilimia 23 ya maendeleo ambayo yangewezekana. Walioshirikishwa, asilimia 48.

Mwalimu wa Tanzania anayetaka kuanza hana haja ya kungoja ufadhili. Aulize swali la lori kabla ya mada, ayaandike majibu kama yalivyosemwa, kisha aulize tena wiki kadhaa baada ya mada kwisha. Na kwa kuwa sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, aruhusu wajibu kwa Kiswahili pia, maana sheria iliyokaririwa kwa Kiingereza inaweza kukaa kichwani bila kuligusa kabisa wazo ambalo mtoto amekua nalo.