Kisu cheusi ao kisu cha kungaa: rangi na mupini vinatuambia nini?

Hapa Katoto ni vigumu kupata nyumba isiyokuwa na kisu ao mupanga. Tunavitumia shambani, kwa kupasua samaki, na porini kwa kutafuta asali. Lakini tukifika sokoni Kamina, wengi wetu tunachagua kwa macho tu. Jirani yangu mumoja alikuwa anakata miti ya kujengea. Chuma kikatoka ndani ya mupini na kuruka karibu na mutoto wake. Asante Mungu, hakikumugusa. Mupanga ulikuwa mupya, na rangi yake ilikuwa ingali nzuri sana. Basi tuelezane.

Weusi uko namna nyingi

Kuna weusi wa rangi ya kupaka. Unachunga chuma kisiingie kutu, lakini fasi yenye imekwaruzwa, kutu inaanzia pale pale. Tena rangi hii inaweza kubanduka na kuingia ndani ya chakula. Kisu cha namna hiyo kibaki cha pori, si cha jikoni.

Weusi wa pili ni wa moto na mafuta. Mafundi wetu wanaofua visu kwa resori za magari makubwa wanatia chuma moto, kisha wanakiingiza ndani ya mafuta. Weusi ule haubanduki kama rangi, lakini peke yake hauzuie kutu. Unasaidia kama unapakaa mafuta kidogo kila mara.

Kile kinachongaa sana mara nyingi ni inoksi. Chuma hiki kimechanganywa na kromi, karibu 10.5% ao zaidi, ndiyo sababu kutu inakikawilia. Ni kizuri kwa samaki na nyama. Lakini kungaa si kukata: hata chuma laini kinaweza kusuguliwa mpaka kingae.

Rangi ina kazi ingine pia. Askari wanapenda kisu cheusi juu hakirudishe mwangaza wa jua. Wewe mulimaji, kisu cheusi chenye mupini mweusi kikianguka ndani ya majani mangaribi, hautakiona tena. Funga kitambaa chekundu ku mupini, inatosha.

Rangi ya bluu ni alama ya hatari

Chuma kikipata moto kinabadilisha rangi. Karibu na digri 230 kinakuwa manjano kama majani makavu; karibu na 300 kinakuwa bluu. Fundi anajua rangi hizo na anazitumia kwa kupima ugumu. Lakini kama umepeleka kisu kwa mashini ya kunoa na makali yamerudi ya bluu, ujue fasi ile imelainika. Itakuwa butu haraka.

Ndiyo sababu desturi moja inaharibu visu vingi: mupini ukivunjika, tunatupa kisu kizima motoni ili mabaki ya mti yaungue. Makali yanalainika palepale. Afazali kutosha mabaki na nyundo na musumari. Na kama ni lazima kuunguza mukia wa kisu ili uingie ndani ya mupini mupya, funga makali na kitambaa chenye maji, uache mukia tu uguse moto.

Mupini ndio unachunga mukono

Mti mugumu kama mulombwa unashikika vizuri, hata kama mukono uko na jasho. Lakini kiangazi kinaukausha, unapunguka, na mukia unaanza kucheza. Wengi wanauloweka ndani ya maji. Unavimba siku mbili, kisha unalegea zaidi. Ni vizuri kuupakaa nta ya nyuki iliyoyeyushwa.

Plastiki hainywe maji, lakini inateleza ikiguswa na mafuta ya samaki, na jua linaipasua. Mupira wa gari unashika vizuri sana, ila unaficha maji chini yake. Fungua mara kwa mara utazame kama kutu imeingia. Pembe ya ngombe ni nzuri na haina shida. Lakini mupini wa meno ya tembo, hapana. Tuko karibu na Parke ya Upemba, iliyoanzishwa tangu 1939, na Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama hao. Ukikamatwa nayo unaweza kufungwa.

Wazee wetu walijua zamani heshima ya mupini. Kule Kamilamba, katika bonde la Upemba, wachunguzi walikuta ndani ya kaburi la zaidi ya miaka 1000 shoka yenye mupini uliopigiliwa misumari midogo ya chuma.

Mbele ya kulipa

Shika makali ndani ya kitambaa, utikise mupini: ukicheza, acha. Uliza mukia unafika wapi. Ukipita mupini wote na kufungwa na misumari miwili ao mitatu, ni vizuri. Angalia kama hakuna ufa.

Na kama kisu kimekukata, osha kidonda na maji mengi na sabuni, kisha uende kituo cha afya uulize chanjo ya tetanosi. Usingojee mpaka taya zikaze.