Kwa Nini Tasnifu ya Kiswahili Haionekani

Siku hizi vyuo vingi humtaka mwanafunzi wa uzamili akabidhi maktabani nakala ya kielektroniki ya tasnifu yake pamoja na ile ya karatasi. Nakala hiyo huwekwa katika hifadhi ya kidijitali ya chuo ili msomaji aliyeko Bujumbura au Mombasa aipate bila kusafiri. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi hiyo, Mak IR. Programu inayoiendesha, DSpace, ilitolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard za Marekani. Haiuzwi, na vyuo vingine vya Afrika Mashariki pia vinaitumia.

Programu hiyo hutafuta kazi kwa kulinganisha neno la msomaji na maneno yaliyomo katika kichwa, ikisiri na maneno makuu, pamoja na matini yenyewe ikiwa faili ni la maandishi. Kurasa zilizopigwa picha kwa skana, kompyuta haizisomi mpaka zigeuzwe kuwa maandishi. Hapo tasnifu nzima hutegemea mistari michache ya fomu.

Tena, ili anayetafuta umoja apate na wingi, kwa kawaida programu hukata miishio ya maneno kwa kanuni za Kiingereza. Sisi tunaofundisha ngeli tunaliona tatizo mara moja: nomino zetu hubadilika mwanzoni. Anayeandika "kitenzi" huikosa kazi iliyotaja "vitenzi" tu, na "shairi" haliiti "mashairi". ("Methali" na "mofimu" zimesalimika kwa kuwa umbo lake halibadiliki.) "Isimujamii" na "isimu jamii" nazo huhesabiwa mbali mbali.

Hasara yake si ndogo. Mwanafunzi hutafuta, haoni kitu, kisha huandika katika pendekezo lake kwamba mada haijashughulikiwa, na msimamizi hukubali. Miaka miwili hupotea katika kurudia kazi iliyokwisha kufanywa chuo jirani.

Kwa hiyo katika maneno makuu tuandike umoja na wingi, na tahajia zote mbili pale zinapotofautiana. Ikisiri iwe ya Kiswahili na ya Kiingereza, maana wapo wanaolitafuta somo letu kwa Kiingereza. Fomu yenyewe mara nyingi hujazwa na mhudumu asiyesoma Kiswahili. Afadhali mwanafunzi aijaze mwenyewe na msimamizi aipitie.

Limebaki jambo la lugha. Orodha ya lugha ambayo DSpace imekuwa ikija nayo ina Kiingereza, Kihispania, Kijerumani, Kifaransa, hata Kijapani, lakini Kiswahili hakimo. Mjazaji huchagua Kiingereza, na tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho huorodheshwa kama ya Kiingereza. Alama ya kimataifa ya lugha yetu ni "sw", na fundi wa maktaba anaweza kuiongeza katika orodha hiyo akiombwa.