Soko la makocha wa miujiza

Usiku wa tarehe 19 Januari 2026, huko Miami Gardens, fainali ya futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani ilikuwa imeingia robo ya mwisho. Indiana walikuwa na jaribio la nne na la mwisho, wakihitaji yadi 4. Teke la pointi tatu lingekuwa uamuzi salama. Kocha Curt Cignetti akachagua kushambulia. Fernando Mendoza, kwotabeki wake anayeongoza mashambulizi, akaukumbatia mpira na kujitosa mwenyewe katikati ya mabeki wa Miami. Akagongwa, akayumba, akajirusha mwili mzima hadi ndani ya eneo la kufungia. Indiana wakashinda 27-21 na kumaliza msimu wakiwa na ushindi katika mechi zote 16.

Mwaka 2023 timu hiyohiyo ilishinda mechi 3 na kufungwa 9. Ilikuwa kibonde wa kihistoria: hakuna chuo cha daraja la juu kilichokuwa kimepoteza mechi nyingi kuizidi. Bloomington, kilipo chuo hicho, ni mji wa mpira wa kikapu, na futiboli ilikuwa burudani ya kusubiria msimu wa kikapu.

Ndiyo maana mashabiki wa Marekani hawachoki kubishana kocha gani ni mkali kuliko mwenzake. Wazee humtaja Bill Snyder, aliyeichukua Kansas State mwaka 1989 ikiwa imechoka kabisa. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 1 kati ya 11. Ilimchukua hadi 1993 kufikisha ushindi wa mechi 9, na hadi 1998 kumaliza ratiba ya kawaida bila kufungwa. Cignetti alishinda mechi 11 msimu wa kwanza na ubingwa msimu wa pili. Ukiwaweka wawili hao kwenye mizani moja bila kuangalia sheria za soko walizokuta, unamwonea Snyder.

Zamani mchezaji aliyehama chuo alilazimika kukaa benchi mwaka mzima. Mwaka 2021 kizuizi hicho kiliondolewa kwa uhamisho wa kwanza, na Julai mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao kibiashara. Mwaka 2024 milango ikafunguliwa zaidi: mchezaji anayefaulu masomo anaweza kuhama tena na tena. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano yanayoviwezesha vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa ukomo wa takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Snyder alilea vijana kwa miaka minne au mitano. Kocha wa leo anasajili kikosi kati ya Desemba na Januari.

Cignetti alilijua soko hilo kabla hajafika Bloomington. Alipoondoka James Madison, chuo cha Virginia, wachezaji 13 walimfuata. Hakuhangaika na vijana wenye sifa kubwa za sekondari. Alitaka watu waliokwisha kucheza, wenye takwimu na mikanda ya video inayoonyesha kazi yao wiki baada ya wiki. Mendoza ni mfano mzuri: alipomaliza sekondari hakugombaniwa na vigogo, alikuwa amekubali kwenda Yale kabla ya kuchukuliwa na California, kisha Indiana. Desemba 2025 akatwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, ya kwanza katika historia ya Indiana.

Lakini jicho la kocha peke yake halilipi bili. Kumwondoa Tom Allen, mtangulizi wa Cignetti, kuligharimu takriban dola milioni 15.5, na wafadhili ndio waliofungua pochi. Bilionea Mark Cuban, aliyesoma Indiana, naye alichangia fedha za usajili. Oktoba 2025 Cignetti akasaini mkataba wa miaka minane wenye wastani wa dola milioni 11.6 kwa mwaka. Mashabiki wanaolinganisha makocha huisahau safu hii ya hesabu, wakati ndiyo inayoamua nani atapata muda na vifaa.

Kasi hii ya mabadiliko haina mwelekeo mmoja. Deion Sanders aliikuta Colorado ikitoka kushinda mechi 1 na kupoteza 11. Akawaambia wachezaji waziwazi wajiandae kuondoka, na zaidi ya 50 wakaondoka. Aprili 2023 mechi ya mazoezi tu ilijaza zaidi ya watu 47,000 nyumbani kwao Boulder, tena theluji ikianguka. Mwaka 2024 alimaliza na ushindi wa mechi 9. Mwaka uliofuata, nyota wake Travis Hunter na mwanawe Shedeur wakiwa wameshahamia ligi ya kulipwa, akashinda 3 na kupoteza 9. Florida State ilianguka vibaya zaidi: ushindi 13 mwaka 2023, ushindi 2 mwaka 2024.

Matajiri wa vyuo wakishaona Indiana imewezekana, uvumilivu unakwisha. Oktoba 2025 kibarua cha James Franklin kiliota nyasi Penn State, wiki chache tu baada ya timu hiyo kuanza msimu ikiwa nafasi ya pili nchini, na chuo kikiwa na deni kwake la takriban dola milioni 49. Mwezi huohuo LSU ikamtimua Brian Kelly, fidia yake ikikadiriwa dola milioni 54. Rekodi bado ni ya Texas A&M, iliyomwondoa Jimbo Fisher mwaka 2023 kwa zaidi ya dola milioni 75. Baadhi ya mikataba humtaka kocha atafute kazi nyingine ili mshahara mpya upunguze deni. Franklin alipojiunga na Virginia Tech, mzigo wa Penn State ulishuka hadi dola milioni 9. Vingi vya vyuo hivi ni vya umma. Mzazi anayehangaikia ada ya mwanawe ana haki ya kuuliza fedha hizo zinatoka mfuko gani, hata pale anapojibiwa kwamba ni za wafadhili.

Wanaolipa gharama bila kutajwa ni vyuo vidogo. Kocha akinunuliwa, mkataba wake una kipengele cha fidia kwa chuo anachokiacha. Lakini wachezaji 13 wakimfuata, hakuna ada ya uhamisho kama ile inayozoeleka kwenye soka. James Madison ilijijenga upya chini ya Bob Chesney na mwaka 2025 ikafuzu michuano ya ubingwa ya timu 12, ikatolewa na Oregon. Kabla ya mechi hiyo, UCLA ilikuwa imeshamchukua Chesney. Kiti chake kikaenda kwa Billy Napier, aliyetimuliwa Florida Oktoba mwaka huohuo huku akidai fidia ya takriban dola milioni 21.